Kilele Kiitwacho Kisiwa

Mwaka huu, siku za kusi, mpwa wangu alinijia na karatasi nne mkononi. Mama yake, ambaye ni dada yangu, aliolewa Moshi miaka mingi nyuma, na kijana amekulia chini ya Kilimanjaro, akaifanya kazi ya kuwaongoza wageni mlimani tangu alipotoka skuli. Wageni sita aliowapandisha Kibo wamemwomba afuatane nao Nepal mwezi wa Oktoba. Si kwa kuwaonyesha njia, maana njia za huko zina wenyewe, bali kwa kuwa wamemzoea na wanamwamini. Kampuni moja ya Kathmandu imekwisha kuwaandalia mpango wa siku kumi na saba. Wageni wanaziona siku hizo ni nyingi, likizo haziwatoshi, na wamemtaka yeye achague siku mbili za kufuta.

"Shikamoo, mjomba," akaniambia, akaziweka karatasi juu ya meza. "Wewe umezeeka na maneno. Nisomee hizi, kisha uniambie nifute zipi."

Mimi ni mtu wa pwani. Kilima cha Masingini kinanitosha, na hicho nacho hukipanda kwa gari. Walakini kazi ya kufasiri imenizoesha kuiuliza kila karatasi inakotoka, nani aliyeiandika kwanza na nani aliyeinakili. Nikamwambia aniachie mpango wake. Nilidhani utanishughulisha jioni moja. Umenikalisha na vitabu miezi miwili.

Kilele kinachokusudiwa kimeandikwa kwa majina mawili. Jina rasmi, tangu mwaka 1983, ni Imja Tse. Jina wanalolitumia wapandaji ni Island Peak, yaani Kilele cha Kisiwa. Kiko Khumbu, mashariki ya Nepal, chini ya ukuta mkubwa wa mlima Lhotse, na urefu wake unapita mita 6,100. Waliokiita Kisiwa ni Waingereza waliokuwa wakizunguka huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Everest: wakikitazama kutoka upande wa kijiji cha Dingboche walikiona kimesimama peke yake, barafu imekizunguka kama bahari. Nilicheka nilipolisoma hilo. Mtu aliyezaliwa kisiwani, asiyejua barafu ila ya kwenye gilasi ya juisi, ameletewa mpango wa safari ya kisiwani.

Na bahari yetu haiko mbali na khabari hii kama inavyodhaniwa. Kalenda ya milima ile hupangwa na upepo tunaoujua. Kusi, likishavuka ikweta karibu na pwani hii ya Afrika, hupinda kuelekea kaskazini mashariki, likavuka Bahari ya Uarabuni, likachukua mvuke hadi Bara Hindi na Ghuba ya Bengal, na mwisho wake likaugonga ukuta wa Himalaya. Huko halipiti. Huumwaga mzigo wake papo hapo, mvua mabondeni na theluji vileleni, tangu Juni hadi Septemba. Kwa hivyo wapandaji wana misimu miwili: Aprili na Mei kabla ya mvua, Oktoba na Novemba baada yake. Manahodha wetu waliohesabu siku tangu Nairuzi, kumi kumi, mwongo kwa mwongo, wakajua lini bahari hufunga na lini hufunguka, wasingehitaji kufafanuliwa neno "msimu" katika karatasi za mpwa wangu.

Nianze na siku, kwani ndizo zilizomleta kijana.

Mwaka 1953, msafara wa Waingereza chini ya John Hunt ulipotoka bonde la Kathmandu kwenda Everest, mbele yake hapakuwa na barabara ya gari wala kiwanja cha ndege. Wapagazi zaidi ya 350 walijitwika mizigo, wakatembea kiasi cha siku kumi na saba, mlima huu wakiupanda na bonde lile wakiliteremka, hadi nyumba ya watawa wa Kibudha ya Tengboche, mita 3,860 juu ya bahari. Siku zile zilikuwa safari tu, hazikuandikwa kuwa siku za kuuzoesha mwili. Lakini mwili ulikuwa ukiifanya kazi yake kimya kimya: pumzi ikazidi kina, damu ikaongeza chembe zake, usingizi uliopotea ukarudi. Hata walipofika Tengboche, Hunt hakukimbilia Everest. Aliwagawa watu wake makundi, akawatuma kuijaribu milima midogo ya jirani kwa majuma kadhaa. Mmoja wa milima hiyo ni Imja Tse, na miongoni mwa waliotumwa huko alikuwamo Tenzing Norgay. Mlima ambao leo wageni huutamani kama tuzo, ulianza maisha yake katika vitabu vya wapandaji kama mahali pa mazoezi.

Katika msafara huohuo alikuwamo afisa wa jeshi la Gurkha, Jimmy Roberts, aliyekabidhiwa kuufikisha mzigo wa pili wa mitungi ya oksijeni. Kazi ilipomalizika hakungoja kuona nani atafika juu ya Everest. Alishika njia yake pamoja na Sherpa mmoja, Sen Tenzing, aliyekwisha kusafiri na kina Shipton na Tilman tangu miaka ya 1930, wakaingia bonde la Hinku, na tarehe 20 Mei 1953 wawili hao wakasimama juu ya Mera. Siku tisa baadaye Hillary na Tenzing Norgay walifika juu ya Everest, na dunia haikuwa na sikio la kusikilizia jambo jingine. Nami naiona Mera kuwa ndiyo mwanzo wa karatasi hizi nne. Watu wawili, mzigo mdogo, kilele kisichohitaji jeshi: hilo ndilo wazo ambalo Roberts alikuja kulifanyia biashara.

Mwaka 1964, alipokwisha kuacha jeshi, alianzisha Kathmandu kampuni aliyoiita Mountain Travel, na mwaka uliofuata akawachukua wageni wake wa kwanza, wanawake watatu wa Kimarekani, kutembea Khumbu. Alichokifanya si kigumu kukieleza. Aliuchukua utaratibu wa misafara mikubwa, yaani mahema, mpishi, mkuu wa wapagazi, hesabu ya kituo kwa kituo, akaupunguza hata ukamtosha mtu wa kawaida mwenye fedha na mwezi mmoja wa kupumzika. Mgeni hakuhitaji tena kuwa mpandaji mashuhuri, wala kujua lugha, wala kujua atakula nini kesho. Kila kampuni inayopanga safari hizo leo inanakili daftari la Roberts, ijue au isijue.

Walakini mwaka huohuo wa 1964 lilitokea jambo jingine, lililoligeuza daftari hilo kabla wino haujakauka. Edmund Hillary, akitaka njia nyepesi ya kupeleka vifaa vya skuli na hospitali alizowajengea Masherpa, alitengeneza kiwanja cha ndege Lukla, penye mita 2,860. Inasimuliwa kwamba udongo ulipokataa kushikana, Masherpa walikusanywa wakapewa pombe yao ya kienyeji, wakashikana mikono, wakacheza ngoma juu yake kutwa hata ukawa mgumu. Napenda kuamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sijui kiwanja kingine kilichoshindiliwa kwa ngoma.

Wageni hawakukawia kukigundua kiwanja hicho. Zile siku kumi na saba za kutembea zikawa chini ya saa moja ya kuruka. Kilichofutwa hakikuonekana katika mpango wowote, kwa sababu hakikuwa kimeandikwa: mwili ulinyang'anywa muda wake. Watu walipanda ndege wakiwa wazima, wakapata furaha ya milima siku tatu, siku ya nne kichwa kikapasuka, siku ya tano maji yakajaa mapafuni au ubongo ukavimba. Mwaka 1973 iliundwa Jumuiya ya Uokoaji ya Himalaya kwa ajili ya mambo hayo, ikaweka kituo cha matibabu kijijini Pheriche. Hapo, mwaka 1975, daktari Peter Hackett na wenzake waliwachunguza wapita njia 278, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata: zaidi ya nusu yao, 53 katika mia, walikuwa na maradhi ya mwinuko, na walioruka hadi Lukla waliugua zaidi kuliko waliokuja kwa miguu.

Kutokana na makaburi na hesabu za namna hiyo ndipo mpango ulipoandikwa upya. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mara mbili pahali pamoja. Nikachukua kalamu, nikaipima karatasi ya mpwa wangu kwa kanuni hiyo. Usiku wa kwanza Phakding, mita 2,610. Wa pili Namche, mita 3,440: zimepandwa mita 830 kwa siku moja. Tengboche, 3,860. Dingboche, 4,410: mita 550. Kumbe mpango wenyewe tayari una deni, na deni hilo hulipwa kwa usiku wa pili wa Namche na usiku wa pili wa Dingboche. Na siku hizo mbili, msomaji wangu, ndizo zilizoandikwa "mapumziko", neno moja, bila maelezo, ilhali siku nyingine zote zimeandikwa aya nzima za mandhari na madaraja. Macho ya wageni yalikwenda hapohapo. Sikuwalaumu. Neno "mapumziko" katika karatasi ya mtu mwenye likizo fupi ni kama kiti kitupu katika chombo chenye abiria wengi.

Mfasiri wa kwanza wa mpango ule, yeyote awaye, alikosea neno.

Hakukosea hilo peke yake. Mwaka 1978 serikali ya Nepal ilifungua vilele kumi na vinane kwa masharti mepesi, ikavikabidhi kwa Chama cha Wapanda Milima cha Nepal kilichoundwa mwaka 1973. Mwaka 2002 vikaongezwa kumi na vitano. Mera na Imja Tse vimo tangu orodha ya kwanza. Kundi zima liliitwa kwa Kiingereza "trekking peaks", na jina hilo limewadanganya wengi. "Trek" lina safari ndefu kuliko wengi wanaolitumia. Ni neno la Makaburu wa Afrika ya Kusini, wakimaanisha kukokota, kwa ajili ya magari yao ya ng'ombe, Waingereza wakalichukua, Roberts na wenzake wakalipeleka Nepal, nchi ambayo ng'ombe hakokoti gari katika njia zile wala gari halipiti. Likaishia kuwa na maana ya matembezi. Basi mtu akisoma "kilele cha matembezi" hudhani atatembea. Ukweli ni kwamba karibu na juu ya Imja Tse kuna nyufa za barafu, na baada ya nyufa kuna ukuta wa barafu ulio mkali kama paa la msonge, ambao hupandwa kwa viatu vya meno ya chuma, mtu amejifunga kwenye kamba zilizotangulia kutegwa na viongozi. Huondoka kambini usiku wa manane, ili ukuta uwahiwe kabla jua halijaulegeza. Ruhusa ndiyo nyepesi. Mlima haukusoma ile orodha.

Tena mlima wenyewe unabadilika chini ya jina lake. Katika miaka ya 1950, mbele ya Imja Tse palikuwa na vidimbwi tu juu ya barafu. Barafu ikayeyuka, vidimbwi vikaungana, na leo pana ziwa kubwa, ziwa Imja, lililowatia khofu watu wa mabonde ya chini hata mwaka 2016 jeshi la Nepal likachimba mfereji na kuyapunguza maji yake kwa zaidi ya mita tatu. Waliosema "kisiwa" walikuwa wakipiga mfano. Sasa maji ya kweli yamesogea miguuni pa mlima, na sisi watu wa visiwa tunajua barafu ikiyeyuka maji yake huja kutulia wapi.

Sasa niingie mabegani, maana siku hazijibebi.

Katika ukurasa wa tatu wa mpango imeandikwa orodha ya watu. Wageni sita wametajwa kwa majina kamili na nambari za pasi. Kiongozi mkuu ametajwa kwa jina. Sirdar, mkuu wa wapagazi, ametajwa kwa jina moja. Kisha: "wapagazi 9".

Neno "sirdar" lilinisimamisha kwa furaha kabla halijanisimamisha kwa huzuni. Ni la Kiajemi: "sar" ni kichwa, "dar" ni mwenye. Ndugu yake wa karibu yumo vinywani mwetu kila siku, kwani "serikali" yetu ni "sar" hiyohiyo pamoja na "kar", kazi. Neno moja lilipanda jahazi likaja kwetu kuwa dola. Jingine lilipanda mlima likawa msimamizi wa mizigo.

Na mizigo yenyewe ina lugha yake. Kikapu kikubwa cha kubebea huitwa doko. Ukanda unaopita juu ya paji la uso, ndio unaokamata uzito, huitwa namlo. Fimbo fupi yenye kichwa cha msalaba, ya kuegemezea doko mtu akisimama kuvuta pumzi, huitwa tokma. Mwaka 2005 wataalamu waliowapima wapagazi katika njia ya Namche walichapisha kwamba wanaume hubeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wa miili yao, na wanawake asilimia 66. Miaka ya 1980 baadhi ya wataalamu haohao walikwisha kuwapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu nchini Kenya, wale kwa kichwa na hawa kwa ukanda wa utosini, wakastaajabu jinsi wanavyobeba bila mwili kulipa gharama iliyotarajiwa. Wapagazi wa Nepal wakawapita hata hao. Hiyo ndiyo mizigo ya biashara. Kwa misafara ya wageni, watetezi wa wapagazi hutaja mwisho wa kilo 30, ambazo ni karibu frasila mbili. Na frasila mbili, kwa yaliyoandikwa juu ya misafara ya Bagamoyo na Pangani, ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi wetu. Karne imepita na bahari iko katikati, bega ni lilelile.

Kwa kuwa nimeitaja Pangani, niseme jambo moja kabla sijarudi Khumbu. Mwaka 1889 Hans Meyer alipofika juu ya Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller, alifaulu pale alipokuwa ameshindwa mwaka 1887 kwa sababu ya mpango: aliweka kambi juu, akaifanya iletewe chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Aliyebaki katika hema ile, kwenye mita zaidi ya 4,300, akipika na kulinda kwa zaidi ya majuma mawili, alikuwa mtu wa Pangani, Mwini Amani. Tunalijua jina lake kwa sababu Meyer aliliandika. Wapagazi waliomfikishia Mwini Amani chakula, wengi wao hatuwajui.

Himalaya nako hesabu ni hiyo. Mwaka 1922 poromoko la theluji liliwaua wapagazi saba upande wa kaskazini wa Everest, vifo vya kwanza vya upandaji vilivyoandikwa katika mlima huo, na vitabu vingi nilivyovisoma vinawataja kama "saba". Klabu ya Himalaya, iliyoundwa mwaka 1928, iliwapa Masherpa wa Darjeeling vitabu vya kazi na nambari. Ilikuwa hatua mbele, kwani mwenye nambari angalau huulizwa yuko wapi. Mwaka 1997 liliundwa shirika la kimataifa la kuwatetea wapagazi, baada ya kijana mmoja wa Kinepali kuugua mwinuko akiwa kazini, akaachwa, akafa. Na tarehe 18 Aprili 2014 barafu ilipowaangukia na kuwaua wafanyakazi kumi na sita wa Kinepali chini ya Everest, serikali ilitoa kwa kila familia rupia 40,000, kiasi cha dola 400. Masherpa walizikataa, wakaweka chini kamba, na msimu wa upande ule ukaisha.

Nilimwita mpwa wangu, nikamsomea haya kwa ufupi, maana yeye si mtu wa kukaa. Alisikiliza habari ya Namche na Dingboche akitikisa kichwa, kwani kwao Kilimanjaro pia wageni hutaka siku tano wakati mlima unataka saba. Kwenye khabari ya wapagazi alinyamaza. Huko wapagazi hujiita wagumu, na mzigo wao umewekewa kilo 20. Yeye mwenyewe alianza kwa kubeba kabla hajaongoza.

"Kwa hiyo nisifute hata moja," akasema.

"Mimi sipandi, mwanangu. Nimekusomea tu."

Aliwaandikia wageni usiku uleule, kwangu, akiniuliza tahajia. Aliwaambia siku hazipungui, na kwamba "mapumziko" mawili yale yasomwe "kupanda kilima cha jirani na kurudi kulala chini", kwani ndivyo yanavyofanywa na walio na akili. Baada ya juma wawili walijitoa. Waliobaki wanne wamelalamika kwamba gharama ya kila mtu imepanda, na mmoja amemwambia wazi kwamba wangeweza kumpata mtu mwingine. Bado hawajampata.

Aliiandikia pia ile kampuni, akaomba majina ya wapagazi. Jibu lilikuja la adabu kabisa: wapagazi huchukuliwa Lukla asubuhi ndege ikitua, kutokana na watakaokuwepo, na kwa kuwa wageni wamepungua watakuwa sita. Amenunua daftari dogo la skuli na kalamu ya risasi, kwa vile ameambiwa wino huganda, akavitia katika mfuko wa koti atakalolivaa ndani ya ndege.